Matembezi katika Msitu wa Amani

Sisi watu wa pwani tumezoea tangu zamani kuuhesabu msitu kuwa ni mahali pa haja. Aliyeingia msituni aliingia kutema kuni, kuchimba dawa, kurina asali, kukata boriti na fito za nyumba, au, haja ikiwa nzito kupita hizo zote, kupeleka tambiko kwenye mzimu wa wazee. Na aliyeingia pasi na mojawapo ya haja hizo alidhaniwa ama kapotea njia, ama ana jambo analolificha kwa wenziwe. Ndiyo maana hata leo mtu akitangaza barazani, mjini Tanga, kwamba Jumamosi atapanda Amani kwa ajili ya kutembea tu, kwenda kwa miguu chini ya miti na kurudi, ataulizwa amefiwa na nani huko, au iliki imefikia bei gani. Katika kurasa hizi nataka kumtetea msafiri huyo asiye na haja, na kuonyesha, kwa kadiri kalamu yangu inavyoweza, ya kuwa huenda yeye ndiye anayeuona msitu kuliko wengi waliomtangulia kuuingia, kwa sababu mwenye haja huona kile anachokitafuta, na asichokitafuta hukipita hata kikimgusa bega.

Amani iko katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, juu ya bonde la mto Sigi. Atokaye Tanga hufuata barabara ya lami mpaka Muheza, mji wa machungwa, ambako wakati wa msimu matenga hupangwa kando ya njia hata dereva akapunguza mwendo bila ya kuambiwa. Kutoka hapo hushika barabara ya vumbi, zaidi ya kilomita 30, ambayo mwanzo wake hupita kwa upole baina ya minazi na michungwa, kisha, baada ya Kisiwani na Sigi, huanza kupanda kwa mapindi makali, huku hewa ikipoa kidogo kidogo na sauti za abiria zikipungua. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikawa ya kwanza ya namna yake katika Tanzania. Eneo lake ni hekta 8,380. Sehemu yake ya chini kabisa iko yapata mita 190 juu ya usawa wa bahari, na ya juu hupita mita 1,100, kwa hiyo mtu mwenye miguu mizima aweza kutembea katika siku moja kutoka msitu wa joto wa tambarare hadi msitu wa baridi na ukungu. Leo iko katika mikono ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na pale Sigi mgeni hupokewa katika nyumba iliyokuwa ya mkuu wa stesheni, maana palikuwapo zamani reli nyembamba ya Wadachi iliyopandishwa mpaka hapo kwa ajili ya kushushia mbao. Reli imekwenda zake, na nyumba iliyobaki sasa inawaelekeza watu kwenye njia za miguu: njia ya kilima cha Mbomole, njia ya msitu wa Kwamkoro, njia ya kupita katika mashamba ya chai, na ile ndefu iteremkayo kutoka Amani hadi Sigi. Hapana simba wala kundi la tembo la kumzuia mtu kushuka garini, na jambo hilo, ambalo wageni wengine hulihesabu kuwa upungufu wa Amani, mimi naliona kuwa ndiyo fadhila yake kubwa; kwani nchi yetu ina mbuga nyingi za kutazamwa kwa dirisha, na mahali pachache mno ambapo raia anaalikwa kutembea kwa miguu yake mwenyewe.

Mpwani ana sababu ya kuuona msitu huu kuwa jamaa yake wa karibu, kwani umetokana na bahari ile ile aliyozaliwa kandoni mwake. Kusi na kaskazi, pepo ambazo kwa karne nyingi zimejaza matanga ya majahazi, hupanda bara zimebeba unyevu, na kizuizi cha kwanza zinachokutana nacho, si mbali na ufuko, ni ukuta wa Usambara Mashariki; hapo hulazimika kupaa, na zikipaa hupoa, na zikipoa huutua mzigo wao, hata Amani ikapata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka na kukosa kabisa kiangazi kirefu cha kuikausha ardhi. Milima hii ni pingili moja katika mnyororo wa Tao la Mashariki, unaoanzia Taita nchini Kenya na kushukia Udzungwa. Na wataalamu wanatuambia kwamba zilipokuja zama za baridi kuu, na sehemu kubwa za Afrika zikakauka na misitu yake ikasinyaa, joto la Bahari ya Hindi halikubadilika sana, kwa hiyo mvua ya milima hii haikukatika, na viumbe walioangamia kwingineko waliendelea hapa kuishi na kuzaana kwa mamilioni ya miaka. Kuna vyura wadogo, wanaoonekana usiku wamekaa juu ya majani, ambao jike wao hatagi mayai katika maji kama tuwajuavyo vyura wote, bali huilea mimba tumboni na kuzaa watoto waliokamilika viungo. Nimelitazama jani lililokaliwa na chura wa namna hiyo, kwa mwanga wa tochi ya mwongozaji, na chura mwenyewe hakuzidi kipande cha kidole changu cha shahada. Koo lake lilikuwa likipanda na kushuka kwa haraka, na sikuweza kufikiri neno la kumwambia mwenzangu ila kwamba kiumbe huyu, tangu kabla ya kuwako mji wowote wa Waswahili, amekuwa akiutegemea upepo wetu.

Mwendo wa msituni si mwendo wa barabarani. Atakayekwenda Mbomole kwa haraka, ili afike juu atazame mandhari na kuteremka, atayaona mandhari, nayo ni mazuri, maana siku ya anga safi bonde zima hufunguka chini yake. Lakini atakuwa ameikosa njia yenyewe. Mwongozaji aliyetuchukua, kijana mzaliwa wa kijiji cha jirani, alikuwa na tabia ya kusimama pasipo sababu tuliyoiona sisi, akanyamaza, akangoja mpaka na sisi tunyamaze, na kisha akanyosha kidole. Mara moja ilikuwa kinyonga, rangi ya ukungu na kuvu, ambaye hata baada ya kuonyeshwa nilimtafuta kwa muda. Mara nyingine ilikuwa mbega, juu sana, weusi na weupe wao ukikatika baina ya matawi. Na mara moja, penye jabali lililotoka maji, hakunyosha kidole juu bali chini, kwenye ufa usiozidi upana wa kiganja, ambamo mlikuwa na majani manene ya mviringo yenye manyoya laini, kila unywele umebeba tone lake la maji, na katikati yao maua mawili ya zambarau yenye vidoto viwili vya manjano moyoni.

Ua hilo ndilo Saintpaulia, linalopandwa vyunguni na kukaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Watu wengi walilonalo huko hawajui kwamba asili yake ni miamba hii yetu. Lilichukuliwa mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kidachi wa wilaya ya Tanga, akalipeleka kwao kwa baba yake, na baba akamfikishia mtaalamu wa mimea wa Hannover, Hermann Wendland, ambaye mwaka uliofuata alilipa jina la ukoo huo. Nimemfikiria sana bwana huyo. Kazi yake ilikuwa kuitawala wilaya, na wilaya yenyewe ilikuwa imetoka tu kutiishwa kwa bunduki. Sina sababu ya kumpenda. Walakini siku ile alipoinama kwenye jabali hakuwa akitafuta kodi wala pembe, na katika yote ambayo serikali yake ilipanga kuyachuma katika nchi hii, kitu kilichosalia mikononi mwa watu wa kawaida wa dunia, kizazi baada ya kizazi, ni ua ambalo halikuwa katika daftari la mtu yeyote.

Madaftari yenyewe yalikuja baadaye, na hayakuwa machache. Mwaka 1902 Wadachi waliasisi Amani taasisi ya uchunguzi wa viumbe na kilimo, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, mtu aliyewahi kusafiri bara pamoja na Emin Pasha. Muradi wao haukuwa wa siri: walitaka kujua ni mmea upi, katika mimea yote ya nchi za joto, utakaoiletea koloni faida. Ikaletwa mikwinini kwa ajili ya dawa ya homa, ikaletwa mikamfori, mipira, mianzi, miti ya mbao na ya mafuta na ya manukato, ikapandwa kwa safu, kila safu na nambari yake, hata bustani ile ikawa na sifa iliyovuka bahari. Vita vya 1914 vilipoitenga koloni na Ulaya, Amani iliwatengenezea askari wa Wadachi kwinini na mahitaji mengine. Mwaka 1916 Waingereza wakaitwaa. Kituo kikaja kuwa cha utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940 kazi hiyo ilipohamishiwa Muguga, Kenya, na majengo yakaachiwa wachunguzi wa malaria. Anayetembea leo katika bustani hiyo hukuta safu zimevunjika: miti ya mabara manne imekua, imepandana, imezaa, mizizi yao imesimama juu ya ardhi mfano wa mbavu za jahazi linaloundwa, na ni jicho lenye mafunzo tu linaloweza kutenga ule uliopandwa na ule ulioota kwa amri ya Mola.

Katika miti hiyo yote kuna mmoja ambao ningependa kila mpishi wa Tanga aupeleke mkono akauguse, nao ni mpira, ule wenye majani yaliyogawanyika vidole vidole, jamaa ya muhogo, ulioletwa kutoka Brazili kwa ajili ya utomvu wake. Biashara ya utomvu ilikufa, lakini mti haukufa. Watu wakagundua kwamba majani yake yanalika, na leo uani mwa nyumba nyingi za pwani umesimama mpira mmoja unaochumwa kila wiki kwa ajili ya kisamvu cha mpira, hutwangwa na kuungwa kwa nazi, wala mwenye nyumba hajui kwamba anakula mabaki ya ndoto ya walowezi. Jambo kubwa zaidi lilitendeka Amani katika miaka ya 1930. Ugonjwa wa batobato ulikuwa ukiyakunja na kuyatia manjano majani ya muhogo, na mavuno ya maskini yakipungua. Wachunguzi wawili wa kituo, H. H. Storey na R. F. W. Nichols, wakashika kazi ya kuupandisha muhogo na jamaa zake wa mwituni, ukiwemo mpira huu, ili mtoto awe na kiazi cha mmoja na ustahimilivu wa mwingine, kazi iliyotaka subira ya miaka mingi, kwa kuwa kizazi cha kwanza kilitoa mizizi isiyofaa kuliwa na ilibidi kukirudisha kwa muhogo tena na tena. Mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilifika mpaka Nigeria, na ndizo zilizokuwa wahenga wa aina nyingi za muhogo zinazolimwa leo katika Afrika. Nayasema haya kwa sababu nimesikia watu wenye elimu wakiizungumza Amani kana kwamba ni msitu wa kuangalia ndege tu. Familia zisizohesabika za watu wetu zimevuka mwaka wa njaa kwa sababu ya kitu kilichofanywa hatua chache kutoka kwenye njia ile ya miguu, na hakuna kibao kinachomweleza hayo mtoto wa skuli.

Sasa nirudi kwa mwenye haja na jicho lake. Kampuni na serikali zilizofuatana ziliutazama msitu wa Kwamkoro na jirani zake, zikaona mtambara, mti mrefu mnyoofu wa mbao laini ambao haupatikani kwa wingi kokote duniani ila katika milima hii. Ukakatwa kwa mashine na kushushwa Tanga, kazi ikashika kasi katika miaka ya 1970, na haikukomeshwa mpaka ilipofika miaka ya 1980 katikati. Baadhi ya njia pana anazozipita mgeni leo kwa raha zilifunguliwa na matrekta ya magogo. Palipokatwa pakaachwa wazi, na katika uwazi huo ukaingia mti mwingine, Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi, ulioletwa Amani na Wadachi na baadaye ukapandwa kwa makusudi ili kuziba mapengo. Hondohondo huyapenda mno matunda yake. Huyameza, huruka, na kuzitupa mbegu mbali katika kila mahali penye mwanga. Mti huo hukua haraka, hufa haraka, na chini yake haioti jamii ile ya miche iotayo katika msitu wa kale. Hivyo mkato mmoja wa msumeno uliofuata haja ya mbao ukazaa badiliko ambalo hakuna aliyelihitaji, na ambalo halitakwisha katika umri wetu wala wa wajukuu zetu. Ndege aliyetenda hayo hana kosa, naye ni mzuri ajabu akipita; mabawa yake hutoa mvumo unaosikika kabla hajaonekana, na kila mara nikiusikia huinua uso kwa furaha na huzuni kwa pamoja.

Ikiwa musizi umebeba jina la Emin, mti wa pili uliopewa jina la watu wa msafara ule wa zamani ni mzaliwa wa hapa, nao ni msambu, ambao wataalamu wameutia jina la Stuhlmann. Tunda lake ni refu, la rangi ya kahawia, lenye kufikia kilo kadhaa, nalo huning'inia kwa kikonyo chembamba ambacho mtu hadhani kitaweza kulibeba. Halichumwi, hungojwa mpaka lidondoke lenyewe, na ndipo wanawake na watoto huliokota, hulipasua, wakatoa mbegu nene zenye mafuta yanayoganda, ya kupikia na ya kufanyia sabuni, na ambayo katika karne hii yametafutwa hata na viwanda vya ng'ambo. Nilimkuta mama mmoja wa Kisambaa ameketi kando ya njia, kikapu mbele yake, akiondoa utando mweupe unaonata katika mbegu, moja baada ya moja, kwa ukucha wa dole gumba. Tulimwamkia, akatuitikia, akauliza tunakwenda wapi. Mwongozaji akamjibu, "Wanatembea tu, mama." Akatutazama, akasema, "Basi tembeeni polepole, huko mbele kuna utelezi," akarudi kwenye mbegu zake. Katika kauli ile sikusikia kejeli. Nilisikia idhini ya mwenyeji kwa mgeni, na tangu hapo nimekuwa nikishikilia kwamba mtembezi wa msituni, awe raia au mtu wa ng'ambo, anahitaji idhini ya namna hiyo zaidi ya risiti ya kiingilio.

Maana hifadhi hii ina deni, na asiyelitaja deni hilo hastahili kuisifu. Kaskazini ya Amani, upande wa Derema, watu walilima iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa kwa miaka mingi. Ni mmea wenye kupenda siri: majani yake hupanda juu kuliko kimo cha mtu, lakini maua, meupe yenye mishipa ya zambarau, hutambaa chini juu ya udongo wenye majani makavu, na mvunaji hulazimika kuinama ili azione punje. Iliki hiyo ndiyo iliyosomesha watoto na kujenga nyumba za bati. Lakini ili kuistawisha ilibidi kufyeka miche yote ya chini, kwa hiyo miti mikubwa ikizeeka haikuwa na warithi. Na ukanda ule ndio uliokuwa kiungo baina ya misitu ya kusini na ya kaskazini, ambao ukikatika wanyama na mbegu havitapita tena. Serikali na wafadhili wakakata shauri ukanda uhifadhiwe, na wakulima zaidi ya 1,000 wakatolewa katika mashamba yao ya iliki. Fidia ikakawia, ikalalamikiwa, na wengi waliona kwamba thamani ya shamba linalozaa kila mwaka haikupimwa kwa mizani ya haki. Mimi naamini ukanda ule ulipaswa kuhifadhiwa. Naamini pia, kwa imani isiyo pungufu ya hiyo, kwamba raha yangu ya kutembea chini ya miti ile imelipiwa na mtu ambaye hakuulizwa vya kutosha, na kwamba insafu ingetaka vijana wa vijiji hivyo wawe wa kwanza kupewa kazi ya kuongoza wageni, kutengeneza njia na kulinda msitu, na sehemu ya kiingilio irudi kwao ikiwa dhahiri, ikasomwa katika mkutano wa kijiji.

Na sisi wa Tanga je? Sisi ni wadaiwa wa namna nyingine. Sigi inayochuruzika kutoka katika majabali haya hukusanywa na vijito visivyo na idadi, huteremka mpaka bwawa la Mabayani, na kutoka hapo huingia katika mabomba ya mji. Maji tunayotawadhia, tunayopikia, tunayowaogeshea maiti wetu, yamepita kwanza katika mizizi ya msitu huu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipoenea habari ya dhahabu huko Sakale, watu walifurika kuichimba, wakapekua kingo na matumbo ya vijito, na matope yakashuka na maji. Ndipo mji ulipokumbuka kwa muda kwamba una chanzo, na hofu ilipopoa ukasahau tena. Laiti kila aliyesahau angekuwa amewahi kukaa siku moja kando ya kijito kile, akaingiza mkono katika maji yanayouma kwa baridi, na kuyaona yanavyotoka chini ya jani bila ya kishindo, nadhani asingesahau upesi hivyo. Hapa ndipo ninapowaona waalimu wetu wana nafasi ambayo hawajaitumia. Raia hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo, gari la skuli laweza kwenda na kurudi mchana mmoja, na somo la maji lingefundishwa na maji yenyewe.

Wako watakaosema kwamba wenyeji wa pwani wanauogopa msitu, na kwamba hofu hiyo haiondoki kwa kibao cha utalii. Ni kweli kwamba tunaogopa. Kuna bundi mkubwa wa milima hii, aliyepewa jina la Vosseler, mtaalamu wa wanyama wa taasisi ya Wadachi. Sauti yake ni ya chini, yenye kutetemeka, na kwa mtu aliyelelewa kuamini kwamba bundi akilia juu ya paa kuna msiba, kuisikia usiku katika nyumba ya wageni ya Amani si jambo la kufurahisha mara ya kwanza. Lakini tusifanye hofu kuwa ni urithi wetu wote. Habari za Wakilindi, kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy na kupigwa chapa Magila, upande huu huu wa Muheza, kinatusimulia ya kwamba Mbega, aliyekuja kuwa mtawala wa Usambara, alikuwa mwindaji wa nguruwe aliyeijua nyika na msitu kwa unyayo wake. Na wazee waliotenga sehemu za msitu kuwa za mizimu, pasikatwe mti wala pasisemwe maneno machafu, walikuwa wakitambua kwamba kuna mahali ambapo binadamu hana budi kuingia bila ya shoka. Hofu yao ilikuwa na adabu ndani yake. Mtembezi wa leo, hata kama haamini mizimu, akinyamaza katika njia ya Kwamkoro, asivunje tawi, asing'oe ua, asitupe chupa, anafuata sharti lile lile, nami sioni kwa nini mtu aone aibu kulifuata.

Atakayekwenda na achague miezi ya Juni hadi Septemba, au Januari na Februari, kwa kuwa wakati wa masika barabara ya juu huwa tope na miti mingine huanguka na kuziba njia mpaka wanakijiji waje na mapanga na misumeno. Avae viatu vyenye meno na soksi ndefu, azichomeke suruali ndani yake, maana siafu hawaulizi mtu amekuja kwa nia gani. Achukue koti la mvua hata kama Muheza kulikuwa na jua. Alale Amani usiku mmoja akiweza, ili awaone vyura, na amkodi mwongozaji wa kijijini hata kama anaijua njia. Na kwa anayekwenda mara ya kwanza pamoja na watoto, njia ninayoipendekeza ni ile iteremkayo kutoka Amani hadi Sigi, ianzwe asubuhi baada ya ukungu kuinuka. Ni mteremko karibu wakati wote, hupita kutoka baridi kuingia joto, mti mmoja ukimpokeza mwenziwe, na chini kabisa kuna mto wa kunawia miguu wakati gari likingojewa.